KARATA ZA WANYAMA WA KUBUNIWA: NGUVU ZAO ZIKO WAPI?

Somo juu ya Amri ya kwanza ya Mungu

Shabaha ya somo. Mkatekumeni ajue kupambanua kati ya mchezo, hirizi na ishara takatifu, ili amtumainie Mungu peke yake.

Amri ya kwanza yamwagiza mtu kumwabudu Mungu mmoja na kumpenda kuliko vitu vyote. Wakatekumeni wengine hudhani ya kuwa amri hiyo yahusu tu waganga, hirizi na mizimu ya wazee. Lakini kila wakati una vitu vyake vinavyouvuta moyo wa mtu. Siku hizi watoto wa nchi nyingi hukusanya karata zenye picha za wanyama wasiokuwako duniani, na juu ya kila karata zimeandikwa nguvu za mnyama huyo. Picha za wanyama hao zimeenea pia katika simu, mifuko ya shule na fulana. Mzazi anayeziona huuliza kwa haki: Je, hiyo ni dawa ya kigeni? Je, ni mchezo tu? Yafaa ajibiwe vema, kwa maana jibu hilo lamfundisha mkatekumeni jambo kubwa kuliko karata zenyewe.

I. Asili ya karata hizo

Neno karata lilitoka kwa Wareno, ambao husema carta. Neno hilo lilifika pwani ya Afrika ya Mashariki kwa merikebu zao, likaingia katika Kiswahili. Wareno haohao walifika Japani mwaka 1543, na Wajapani nao wakalipokea, wakasema karuta. Mtakatifu Fransisko Saveri alipita njia hiyo ya bahari, akafika Kagoshima katika Japani mwaka 1549 kuhubiri Injili. Basi, katika safari za zama hizo, Habari Njema na karata za mchezo zilifika nchi ile karibu wakati mmoja.

Mwaka 1889, katika mji wa Kyoto, Bwana Fusajiro Yamauchi alianzisha nyumba ya kutengeneza karata zenye picha za maua. Nyumba hiyo ndiyo Nintendo, ambayo baadaye ilijulikana ulimwenguni kwa michezo ya mashine. Mwaka 1996 ilitoa mchezo uitwao Pokémon, maana yake wanyama wa mfukoni. Aliyeubuni, Satoshi Tajiri, alipokuwa mtoto alipenda sana kukusanya wadudu mashambani karibu na mji wa Tokyo. Furaha ile ya mtoto atafutaye wadudu aliitia katika mchezo wake. Mwaka huohuo wa 1996 karata za Pokémon zilianza kuuzwa Japani, na mwaka 1999 zikauzwa Marekani kwa lugha ya Kiingereza.

Hazikuwa za kwanza za namna hiyo. Mwaka 1993 Richard Garfield, mwalimu wa hesabu wa Marekani, alikuwa ametoa karata ziitwazo Magic: The Gathering, zenye picha za majoka, malaika na wachawi. Lakini Pokémon zilienea mno kwa watoto. Kampuni yake ilitangaza kwamba hadi mwezi wa Machi 2024 zilikuwa zimekwisha kuchapwa karata zaidi ya 64,000,000,000.

II. Wanyama hao na nguvu zao

Kila karata ina picha ya mnyama, jina lake, namba ya uhai wake, na maneno machache yaelezayo mashambulio yake. Mmoja ni wa moto, mwingine wa maji, mwingine wa majani, mwingine wa umeme. Kila mmoja ana adui amshindaye: wa maji amshinda wa moto, wa moto amshinda wa majani. Hapo mwanzo wanyama walikuwa 151. Leo wamepita 1,000.

Ajulikanaye kuliko wote ni Pikachu, mnyama mdogo wa rangi ya manjano, mwenye umeme mashavuni. Katika karata za Kiingereza za mwaka 1999 alipewa uhai wa 40 tu. Joka la moto liitwalo Charizard lilipewa uhai wa 120, na moto wake wamwondolea adui 100 kwa pigo moja. Lakini kila mara joka hilo litoapo pigo lile, mwenye karata hana budi kutupa karata zake mbili za nguvu. Ndiyo sheria: pigo kubwa lina gharama yake.

Wachezaji ni wawili. Kila mmoja ana karata 60. Huanza kwa kuchukua 7 mkononi, na 6 huwekwa kando kama zawadi. Kila amshindapo mnyama wa mwenzake huchukua moja ya zile 6. Akizimaliza zote, ameshinda. Mchezo huo wadai hesabu, kumbukumbu na uvumilivu. Mtoto asiyejua kutoa na kujumlisha hawezi kuucheza vizuri.

Basi, nguvu za Charizard ziko wapi? Ziko katika mapatano ya wachezaji wawili, wala si mahali pengine. Wakiwa mezani, wote wawili wakubali kwamba maneno yale yana amri. Wakiinuka mezani, amri imekwisha. Joka lile la moto haliwezi kuwasha jiko la mama; likianguka jikoni, ndilo linaloungua. Pikachu wa umeme hawezi kuwasha taa hata moja. Ni wino juu ya karatasi nene, na mvua ya dakika chache yatosha kuwamaliza wote.

III. Thamani yao

Karata hizo huuzwa katika pakiti zilizofungwa, mnunuzi asijue kilichomo ndani. Pakiti za Kiingereza za mwaka 1999 zilikuwa na karata 11. Alama ndogo ilionyesha aina: duara ni ya kawaida, almasi si ya kawaida sana, nyota ni adimu. Katika karata 11, moja tu ilikuwa na nyota. Kwa hiyo mtoto aliyetafuta joka fulani alinunua pakiti moja, akaikosa karata yake, akanunua ya pili, na ya tatu. Tumaini la kupata lilimvuta, na hela za wazazi zikamfuata.

Thamani huja hivi: kitu kikiwa kichache na watu wakitamani wengi, bei hupanda. Mnamo miaka ya 1997 na 1998 jarida moja la watoto la Japani, CoroCoro, lilifanya mashindano ya kuchora, na washindi wakapewa karata ya pekee yenye picha ya Pikachu ameshika kalamu. Zilizotolewa hivyo zilikuwa 39. Mwaka 2021 Mmarekani Logan Paul alinunua moja ya hizo kwa dola 5,275,000. Karatasi ile ni kipande kinachotosha kiganja cha mtoto. Ilitolewa bure ili kumfurahisha mtoto aliyechora vizuri. Kisha ikafungiwa ndani ya plastiki ngumu, isiguswe na mkono wala isichezwe na mtu. Hapo mkatekumeni amkumbuke yule mtumishi wa Injili aliyeifukia talanta ya bwana wake ardhini.

Wahenga walisema: tamaa mbele, mauti nyuma. Mwaka 1999 shule nyingi za Marekani zilikataza karata hizo madarasani, kwa maana watoto waligombana na kudanganyana katika kubadilishana, na wengine wakaibiana. Mkubwa ajuaye bei alimpa mdogo asiyejua karata kumi za bure, akamnyang'anya moja ya thamani. Tendo hilo ni sawa na la mnunuzi wa kahawa atumiaye mizani ya uongo. Hata watu wazima hawakusalimika. Mwezi wa Mei 2021 maduka makubwa ya Target, huko Marekani, yalisimamisha kwa muda kuuza karata za kukusanya ndani ya maduka yake, baada ya wanunuzi kupigana kwa ajili yake na mmoja wao kutoa bunduki.

Katika hayo yote mnyama wa karata hakufanya neno. Hakuiba, hakudanganya, hakupiga. Ubaya ulitoka moyoni mwa watu, kama Bwana Yezu alivyofundisha kwamba kimtiacho mtu unajisi ni kile kitokacho ndani yake.

IV. Je, ni hirizi?

Kuna Wakristu walioziogopa karata hizi kana kwamba zina shetani ndani yake. Wengine walizichoma. Lakini mwaka 2000 televisheni ya Kikatoliki ya Italia, Sat2000, ilisema kwamba mchezo wa Pokémon hauna madhara kwa tabia za watoto, bali wawafundisha kubuni na kupendana kama marafiki.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 19, imeandikwa habari ya waamini wa Efeso waliokuwa wamefanya uchawi. Walivileta vitabu vyao, wakavichoma mbele ya watu wote, na bei yake ilikuwa vipande 50,000 vya fedha. Walifanya vema sana. Mbona basi mtoto hawi na lazima ya kuchoma karata zake? Kwa sababu watu wa Efeso walivitumainia vitabu vile. Waliamini kwamba maneno yake hulazimisha pepo, huponya na kuua. Mtoto achezaye karata ajua kabisa kwamba joka lake si kitu. Mchezo ukiisha, hukusanya karata zake na kwenda kuchota maji.

Lakini tuseme mtoto mwingine aiweka karata ya Charizard ndani ya kaptula siku ya mtihani, ili apate kushinda. Au aivaa shingoni ili adui asimdhuru. Karata ni ileile, wino ni uleule. Hata hivyo sasa imekuwa hirizi, kwa maana moyo wake umeipa nguvu isiyo yake. Huo ni ushirikina, ni dhambi juu ya Amri ya kwanza. Basi, hirizi haifanywi kwa ngozi, pembe au majani tu. Kitu chochote chaweza kuwa hirizi, mtu akikiwekea tumaini analopaswa kumpa Mungu.

V. Medali, picha takatifu na skapulari

Hapa ndipo somo lote lilipokuwa likielekea. Mkatekumeni aliyeacha hirizi hupewa siku moja medali ya Bikira Maria, au picha ya Moyo Mtakatifu, au rozari. Nayo ni vitu vidogo, huvaliwa shingoni au huwekwa nyumbani. Adui wa roho humnong'oneza: “Umepata dawa yenye nguvu kuliko ile ya zamani.” Akisadiki hivyo, amebadili hirizi, hakubadili moyo. Amezifanya ishara takatifu kuwa kama karata zile: huyu mtakatifu ana nguvu ya maji, yule ya moto, medali hii yapiga adui 40, ile yapiga 100.

Mungu mwenyewe alilifundisha jambo hilo zamani. Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 21, Musa aliamriwa kutengeneza nyoka wa shaba, na waliomtazama baada ya kuumwa walipona. Nyoka yule alifanywa kwa agizo la Mungu, tena alikuwa mfano wa Kristu atakayeinuliwa msalabani. Walakini katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 18, yasemwa kwamba mfalme Hezekia alimvunja nyoka huyohuyo, kwa sababu watu walikuwa wakimfukizia uvumba. Walimsahau Mungu aponyaye, wakaiheshimu shaba.

Kanisa lafundisha wazi. Mtaguso wa pili wa Nisea, mwaka 787, ulikubali heshima ya picha takatifu, kwa maana heshima ipewayo picha yamwendea yule aliyechorwa. Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki yaonya kwamba mtu akidhani sala au ishara takatifu zafaa kwa kutendwa kwa nje tu, pasipo moyo kumwelekea Mungu, ameanguka katika ushirikina. Medali ni ukumbusho na sala. Aivaaye amwambia Mungu: “Mimi ni wako.” Wala medali haimlazimishi Mungu, kwa maana hakuna awezaye kumlazimisha Mungu kwa chuma, kwa kitambaa wala kwa maneno.

VI. Mfano wa Mwenye heri Isidori Bakanja

Congo ina shahidi anayelieleza fundisho hili kwa damu yake. Isidori Bakanja alikuwa kijana mfanyakazi, msaidizi wa waashi katika Mbandaka. Alifundishwa dini, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906, akapewa skapulari ya Bikira Maria, yaani vipande viwili vya kitambaa vivaliwavyo shingoni. Baadaye alienda kufanya kazi Ikili, katika shamba la Wazungu. Bwana mkubwa wa pale alichukia dini na sala. Alimwamuru aivue skapulari. Isidori hakukubali. Basi akapigwa kwa kiboko cha ngozi ya tembo chenye misumari, mapigo zaidi ya 100, mpaka mgongo wake ukawa kidonda kitupu. Aliteseka kwa muda wa miezi, akafa tarehe 15 Agosti 1909, siku ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Kabla ya kufa alimsamehe aliyempiga, akaahidi kumwombea mbinguni. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye heri tarehe 24 Aprili 1994.

Mkatekumeni afikiri sana hapa. Skapulari haikumkinga Isidori na kiboko. Kama angaliivaa kama hirizi, angaliitupa katika pigo la kwanza, akisema: “Dawa hii haina kazi.” Mtu wa hirizi hufanya hivyo; dawa ikishindwa, hutafuta nyingine kwa mganga mwingine. Lakini Isidori hakuivaa ili asipigwe. Aliivaa kwa sababu alikuwa mtu wa Kristu na mtoto wa Maria, na kuivua kwa amri ile kungalikuwa kumkana Bwana wake. Kitambaa hakikuwa na nguvu. Nguvu ilikuwa neema ya Mungu moyoni mwake, nayo ndiyo iliyomwezesha kustahimili na, kilicho kigumu zaidi, kusamehe.

VII. Kanuni za kufuata

1. Mchezo ni halali ukitumiwa kwa kiasi. Mungu alimpa mtu akili ya kubuni. Katika kitabu cha Mwanzo Adamu aliwapa wanyama majina. Mtoto anayebuni wanyama na kuwachora huitumia akili hiyohiyo.

2. Mzazi asimpige mtoto kwa sababu ya picha asiyoifahamu. Kwanza aulize, aitazame, amsikilize, kisha amfundishe.

3. Fedha ya chakula, ya dawa na ya shule isitumiwe kununua michezo. Katekisimu yasema kwamba michezo ya bahati yenyewe si kinyume cha haki, bali yawa mibaya ikimnyima mtu mahitaji yake au ya wengine.

4. Kumdanganya mdogo katika kubadilishana ni kuvunja Amri ya saba. Kadhalika kuuza karata za bandia kana kwamba ni za kweli. Aliyepata hivyo arudishe.

5. Kuitamani mali ya mwenzako hata kukosa usingizi ni kuvunja Amri ya kumi, iwe ni ng'ombe, shamba au karata.

6. Aliye na hirizi nyumbani asingoje siku ya Ubatizo. Aipeleke kwa padri au katekista, au aiharibu mwenyewe. Wala asiombe medali ili kuijaza nafasi yake.

Maulizo na majibu

Swali: Wanyama wa karata wana nguvu gani?
Jibu: Hawana nguvu yoyote. Wana ile tu ambayo wachezaji wamepatana kuihesabu katika mchezo.

Swali: Bei kubwa ya karata fulani yatoka wapi?
Jibu: Yatoka katika uchache wake na tamaa ya watu. Karatasi yake ni sawa na karatasi nyingine.

Swali: Lini karata yaweza kuwa hirizi?
Jibu: Mtu akiitumainia imkinge, imponye au impe bahati.

Swali: Je, medali na skapulari ni hirizi za Wakristu?
Jibu: Hapana. Ni ishara zinazomkumbusha Mkristu kumpenda Mungu na kumwomba. Hazimlazimishi Mungu.

Swali: Kwa nini Isidori Bakanja hakuivua skapulari, na hali haikumkinga na mapigo?
Jibu: Kwa sababu hakutafuta kinga ya mwili. Alitaka kubaki mwaminifu kwa Kristu.

Swali: Mkatekumeni ajichunguzeje juu ya Amri ya kwanza?
Jibu: Ajiulize: Nikiugua, nikiogopa, nikifiwa, moyo wangu wakimbilia wapi kwanza?

Azimio la juma hili. Kila mkatekumeni akitazame kitu kimoja nyumbani mwake ambacho anakiogopa au anakitegemea kupita kiasi. Usiku, kabla ya kulala, amkabidhi Mungu hofu hiyo kwa maneno yake mwenyewe.

Sala. Ee Mungu Baba Mwenyezi, uliyeumba wanyama wote walio hai, na kumpa mwanadamu akili ya kubuni wengine wasiokuwako, utulinde tusiabudu kazi ya mikono yetu. Utuondolee tumaini la uongo, utupe imani kama ya mtumishi wako Isidori, ili katika raha na katika mateso tukushike Wewe peke yako. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.